Mtambo wa upepo unasumbua? Anzia chini kabla ya kupanda mnara

Simu huanza hivi: "Fundi, shikamoo. Lile feni letu limekufa." Huku kwetu Arusha wengi huuita mtambo wa upepo feni, nami sina ugomvi nao, ingawa feni linakula umeme na huu unauleta. Nikiuliza limekufa vipi, naambiwa taa hazifiki saa tatu usiku. Basi nafunga mkoba wa spana kwenye pikipiki, nashika njia ya Kisongo, Monduli au Makuyuni, siku nyingine hadi tambarare za Boma Ng'ombe upande wa Moshi. Mara nyingi nakuta mtambo mzima, unazunguka kwa raha zake. Kilichokufa ni betri, au kiungo cha kebo, au fyuzi ambayo bei yake haifiki soda.

Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia chini. Mnara hupandwa, au hulazwa, vitu vya ardhini vikishakaguliwa vyote. Nazungumzia mitambo midogo ya shule, kambi za wageni na nyumba za mashambani: wati 300 hadi kilowati 5, mapanga matatu, jenereta ya sumaku isiyo na giaboksi, mnara wa bomba ulioshikwa na steya (nyaya za chuma zinazouvuta kutoka ardhini), betri za volti 24 au 48, na paneli za sola pembeni.

Kabla hujagusa kitu

Mtambo wa upepo hauzimwi kama sola. Paneli ukiikatia njia inakaa kimya. Mtambo ukiukatia njia unakuwa kama lori lililoachia gia kwenye mteremko wa juu ya Mto wa Mbu, kwa sababu mzigo wa umeme ndio unaoushikilia. Kwa hiyo usichomoe waya zake kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, wakati upepo unavuma. Ukiwa hauna mzigo, mtambo wa volti 24 unaweza kutoa zaidi ya volti 100, na hizo zinaua.

Swichi ya breki inaunganisha waya tatu za jenereta pamoja ili mapanga yajikaze. Ifunge upepo ukiwa mdogo, asubuhi na mapema. Ukiifunga kwenye upepo mkali, breki inaweza kushindwa kuyasimamisha na koili za jenereta zikaungua.

Kwenye chumba cha betri vua pete na saa, usivute sigara, acha mlango wazi. Na hakuna mtu kusimama chini ya mapanga, hata anayepiga picha.

"Unazunguka vizuri lakini betri hazijai"

Hili ndilo lalamiko namba moja.

Anza na fyuzi na breka kati ya kontrola na betri, kisha vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeshapata mshukiwa. Osha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kaza, paka grisi nyembamba. Shika kila kiungo cha kebo kwa mgongo wa mkono dakika chache baada ya matumizi makubwa. Kilicho cha moto kuliko wenzake kimelegea.

Halafu betri zenyewe. Ziache zipumzike saa mbili bila kuchaji wala kutumika, kisha pima. Kwa seti ya betri za asidi za volti 24, takriban 25.4 ni zimejaa, 24.4 ni nusu, na zikikaa chini ya 24 kila asubuhi unaziua taratibu. Usiishie kwenye jumla. Pima betri moja moja huku pasi au pampu inafanya kazi. Ile inayoanguka peke yake wakati wenzake wamesimama ndiyo inayowavuta wote. Watu hununua moja mpya na kuichanganya na tatu za miaka mitano. Naelewa, hela ni ngumu, lakini ile mpya itazeeka kwa mwendo wa wale wazee.

Betri zikiwa salama, njoo kwenye waya tatu za mtambo. Mtambo ukizunguka polepole, pima volti za AC (umeme kama unavyotoka kwenye jenereta) kati ya waya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Zinatakiwa zilingane. Jozi moja ikisoma vizuri na mbili zisisome, fezi moja imekatika: mara nyingi kwenye kiungo cha chini ya mnara, au juu, kwenye kaboni na pete za shaba zinazopitisha umeme kichwa kikigeuka, na mara chache ndani ya koili. Volti zikiwa sawa upande wa AC lakini upande wa DC (umeme wa betri) hakuna kitu, daraja la daiodi linalogeuza AC kuwa DC limekwenda.

Sababu ambayo wauzaji hawaitaji ni unene wa kebo. Chukua mtambo unaoshusha umeme ukiwa tayari DC kwa mita 60 kwa kebo ya milimita 6 za mraba. Kwenda na kurudi kebo hiyo ina ukinzani wa takriban ohmu 0.35. Ikipita ampea 20, unapoteza volti 7 njiani, karibu theluthi ya volti zako 24, na zote zinapasha joto udongo. Suluhisho ni kebo nene zaidi, au kuhamia volti 48.

Ukishapima yote haya na kila kitu kiko sawa, hesabu matumizi. Siku hizi nakuta friji la pili ambalo halikuwepo mtambo ulipofungwa.

"Upepo upo lakini hauzunguki"

Usicheke: angalia swichi ya breki kwanza. Mtu aliifunga wakati wa mvua akasahau, au watoto wameichezea.

Ikiwa iko wazi, subiri asubuhi yenye upepo wa kupepea majani tu. Funga breki, chomoa waya tatu kwenye kontrola, zitenganishe zisigusane, fungua breki, utazame kwa dakika chache. Mapanga yakianza kuzunguka kwa wepesi, shoti iko kwenye daiodi au kontrola. Yakibaki mazito, shoti iko kwenye kebo, kwenye swichi yenyewe au kwenye koili. Au beringi zimekwama. Funga tena breki kabla ya kurudisha waya. Mnara ukishalazwa, zungusha kwa mkono: waya zikiwa wazi panga liende laini, zote tatu zikigusana liwe zito kama linazunguka kwenye uji. Waya zimegusana na bado ni laini? Basi umeme haufiki chini, kuna mkatiko.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mahali. Nguvu ya upepo inapanda kwa mchemraba wa kasi yake: upepo wa mita 6 kwa sekunde una nguvu mara 8 ya ule wa mita 3. Mitambo mingi hii haianzi kazi ya maana chini ya mita 3 au 4 kwa sekunde. Mjini Arusha, chini ya Meru, kwenye miti ya Sakina na Njiro, upepo mwingi ni wa kuyumbayumba, na Moshi mjini hali ni hiyo hiyo. Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yawe juu kwa mita 10 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 100 au zaidi.

Na miti inakua. Mama mmoja wa Ngaramtoni aliniita akisema mtambo umechoka, kila mwaka unapungua. Nikapima kila kitu, sikuona kosa. Tukiwa tunakunywa chai nikauliza ile migrivea ya mpakani aliipanda lini. "Mwaka ule ule mlipofunga mtambo, fundi. Ilikuwa inanifika kiunoni." Sasa ilikuwa imelipita paa la ghorofa. Tulichagua kati ya kukata miti na kurefusha mnara. Alikata mitano, akauza nguzo.

Jambo jingine ambalo si kosa la mtu: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Namba zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Usimgombeze fundi kwa hilo.

"Unakimbia ovyo, unapiga kelele kama ndege"

Hapa naomba utulivu, kwa sababu kosa hili nimewahi kulifanya mwenyewe.

Miaka yangu ya mwanzo, kontrola ya kambi moja upande wa Makuyuni iliungua. Ya upepo haikupatikana mjini wiki ile. Nilikuwa na ya sola, volti zile zile, ampea zinatosha. Nikaifunga. Ilifanya kazi siku kumi hivi, nikajipongeza. Kisha ikaja jioni ya Septemba. Sola ilikuwa imejaza betri mchana kutwa, upepo ukaanza jua likizama, na ile kontrola ikafanya kile ilichoundiwa kufanya: betri zimejaa, kata. Mlinzi akanipigia saa nne usiku.

"Fundi, sikia." Akaelekeza simu juu. Mlio ulikuwa kama wa blenda isiyo na kitu ndani.

"Nasikia, mzee. Toa watu kwenye mahema ya upande huo. Swichi usiiguse kabisa."

Asubuhi panga moja lilikuwa nusu. Nusu nyingine tuliikuta nyuma ya stoo ya jiko, imezama kwenye mchanga kwa ncha, hatua arobaini kutoka kwenye mnara. Hakuna aliyeumia. Mapanga mapya niliyalipia mimi.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kukimbia ovyo ni kontrola isiyofaa. Kontrola ya upepo, betri zikijaa, inauelekeza umeme kwenye heta ya kumwagia: koili zinazopata moto ili mtambo uendelee kubanwa. Soma maandishi ya kontrola yako. Kama haina mahali pa kuunganisha heta hiyo, na kijitabu chake hakitaji upepo, funga breki upepo ukitulia, na mtambo usizunguke mpaka upate inayofaa.

Sababu ya pili ni heta yenyewe kukatika au kulegea. Betri zikiwa zimejaa na upepo upo, heta lazima iwe ya moto. Ikiwa baridi, ipime ohmu. Iwe na uwezo wa kumeza umeme wote wa mtambo, isiwe nusu yake, na ikae mbali na mbao, makuti na mapipa ya mafuta.

Tatu, fyuzi au kebo ya betri imekatika, na matokeo ni yale yale. Nne, mkia. Mitambo mingi hii ina mkia wenye bawaba, upepo ukizidi mkia unajikunja na mapanga yanageuka upande. Bawaba ikishika kutu na vumbi, haikunji. Lazeni mnara, mfungue bawaba, mswaki wa waya, grisi.

Wakati mtambo unakimbia, hakuna cha kufanya chini yake. Ondoa watu upande ambao mapanga yanaweza kurukia, subiri upepo ushuke, kisha funga breki. Ukishakimbia hivyo hata mara moja, usiufungue tena kabla fundi hajakagua mapanga na bolti zake.

"Mnara unatetemeka"

Sikiliza kabla ya kufungua chochote. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba la mnara na mpini wake kwenye sikio. Sauti ya mchanga unaosagwa ni beringi. Mgongano wa tok, tok kila mtambo unapogeuka ni uchezaji wa shingo, pale kichwa cha mtambo kinapogeukia juu ya mnara. Mluzi mwembamba ni panga lililopasuka ukingo au lenye tundu. Mngurumo unaopanda na kushuka na mzunguko, huku mnara unayumba, ni mapanga yasiyolingana uzito.

La mwisho ndilo la kawaida zaidi. Vumbi la tambarare, hasa miezi ya kiangazi, linalamba ukingo wa mbele wa panga kama msasa, na si mara zote linalamba matatu sawasawa. Wadudu waliogandia nao wana uzito. Kuna shule walipaka ncha ya panga moja rangi nyekundu ipendeze, mikono mitatu ya rangi. Mtambo ukaanza kutikisa bati la darasa. Hesabu yake si ya kudharau: gramu 20 kwenye ncha ya panga la mita 1, kwa mizunguko 600 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 8, na mwelekeo unabadilika kila mzunguko.

Anza kwa kuosha mapanga kwa maji na sabuni, mnara ukiwa umelazwa. Pima ncha hadi ncha mara tatu. Tofauti ikizidi milimita chache, kuna bolti iliyolegea au panga lililojikunja. Kisha chomeka fimbo ardhini karibu na ncha, zungusha kwa mkono, kila panga lipite umbali ule ule kutoka kwenye fimbo. Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba za kijitabu. Kukaza kwa hasira kunapasua fiba.

Ukiona ufa kwenye shina la panga, pale linapoingia kwenye kitovu, simama hapo. Gundi ya madukani haibebi mzigo ule. Mapanga hubadilishwa seti nzima.

"Haugeukii upepo"

Chukua timazi. Mnara usio wima unafanya kichwa kielemee upande mmoja kama mlango usio sawa unaojifungua wenyewe. Ukishanyoosha mnara na bado, beringi ya shingo imekauka au imejaa vumbi, au mkia umepinda. Kwenye mitambo isiyo na pete za shaba, kebo inajisokota ndani ya bomba kila kichwa kinapozunguka. Mara mbili kwa mwaka ichomoe chini, breki ikiwa imefungwa na upepo umetulia, uisokotoe kinyume. Kebo iliyosahauliwa miaka mitatu hukatika juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

Steya

Sijawahi kuitwa kwa ajili ya steya. Naziona mwenyewe nikifika, na ndizo zinazonitisha kuliko koili yoyote. Mnara wa mita 18 unaangushwa na nati moja.

Tazama klipu. Kitako cha klipu kinakaa kwenye waya mrefu unaobeba mzigo, na ule msumari wa herufi U unabana ncha fupi iliyorudishwa. Ukikuta zimegeuzwa, U inauma waya unaobeba, na hapo ndipo utakapokatikia. Klipu zisipungue tatu kila mwisho. Skrubu za kukazia zifungwe kwa waya mwembamba zisijifungue kwa mtetemo. Fukua kidogo kwenye nanga, pale steya inaposhikwa ardhini: kutu hula pale chuma kinapoingia ardhini, na juu utaona kizima. Kagua baada ya upepo mkali wa kwanza, baada ya mwezi, kisha kila miezi sita.

Na mifugo. Ng'ombe wanajikuna kwenye steya, na kuna watu wanafunga punda hapo. Zungushia miiba.

Ikiwa waya wa steya umekatika nyuzi, au nanga imeng'oka hata kidogo, usikaribie kukaza mwenyewe. Weka watu mbali kwa umbali unaozidi urefu wa mnara, uite watu wenye winchi na uzoefu wa kulaza minara.

Baada ya radi

Masika na vuli ndio msimu wake. Usiguse mnara mpaka mawingu yapite kabisa. Harufu ya kuungua kwenye kontrola, au taa zake kutowaka, inatosha kukuambia. Linganisha ohmu za jozi tatu za koili, kisha kila waya na mwili wa mnara: pakisomeka muunganiko wowote, koili au kebo imeungua. Mnara na kila nanga viwe na ethi (waya wa kupeleka radi ardhini), na vizuia radi viwekwe kwenye kebo pale inapoingia ndani. Hata hivyo radi ikipiga moja kwa moja, elektroniki nyingi hazinusuriki. Nyaya za ndani ya nyumba na inveta iliyounganishwa na TANESCO ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mimi mwenyewe huwa namwita.

Kisima cha upepo kinazunguka, maji hayaji

Hivi ni vile vinu vya mapanga mengi ya bati. Tatizo huwa chini ya ardhi: kwanza pete za ngozi (washa) kwenye pistoni zimelika, halafu valvu ya chini imeshika mchanga, halafu fimbo imekatika. Kinu kikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, ni fimbo. Kikiwa kizito kama kawaida lakini maji kidogo, ni ngozi. Au kisima kimeshuka maji.

Daftari

Kule Turkana, Kenya, kuna mitambo 365 yenye kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Hakuna anayeweza kusikiliza kila mnara kwa bisibisi. Kwenye mashamba makubwa ya mitambo namna hiyo kompyuta hulinganisha mtambo na majirani zake: unaotoa kidogo kwenye upepo ule ule ndio unaofuatwa, na mafuta ya giaboksi hupimwa kama yana chembe za chuma.

Wewe mwenye mtambo mmoja huna jirani wa kulinganisha, unajilinganisha na jana. Daftari la shilingi elfu moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi linatosha. Kila asubuhi kabla ya jua andika volti za betri, upepo ulikuwaje usiku, na sauti yoyote ngeni. Mlinzi wa ile kambi ya Makuyuni ndiye anayeandika vizuri kuliko wote ninaowafahamu. Juzi alinipigia: "Fundi, wiki nzima asubuhi ilikuwa 25, tangu Jumanne ni 24.3, upepo haujapungua. Betri ya tatu kutoka mlangoni ina joto." Nilitoka na betri moja yenye umri kama wa wenzake kwenye pikipiki, na ngazi sikuibeba.